Kidonge Kabla ya Kahawa

Zorka Kalaydzhieva alikuwa msusi. Alikuwa na saluni ya viti viwili katika mji mdogo wa Zelenich, milimani huko Bulgaria, na kama kulikuwa na kitu alichokuwa nacho kwa wingi kuliko wateja, kilikuwa dharau. Aliwadharau wanawake waliotaka nywele za rangi ya shaba kisha wakalalamika kuwa zimetoka za shaba. Aliwadharau waume zao waliosubiri nje wakivuta sigara kana kwamba mke yuko kwenye chumba cha upasuaji. Mumewe mwenyewe, Metodi, fundi wa mabasi, alikuwa mtu mpole mwenye mikono mikubwa, naye pia alipata sehemu yake kila asubuhi. Watu walimvumilia Zorka kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi, na kwa sababu msusi mwingine wa karibu alikuwa mji wa pili, na huko nako walikuwa wanaunguza watu vichwa.

Dharau hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata kwa kudharauliwa.

Alipofika miaka thelathini na kitu, mwili wake ulianza kumgomea. Alikuwa akimaliza kichwa kimoja, anakaa kwenye kiti cha wateja na kusinzia huku maji yakichemka. Alivaa soksi za sufu mwezi wa Julai. Uso ulimvimba, sauti ikawa nzito kama ya mlevi, na nywele zikaanza kunyonyoka, jambo ambalo kwa msusi ni sawa na mwokaji mikate kuuza mkate wenye ukungu. Ginka wa posta, mteja wake wa kila mwezi, hakuwa mtu wa kuficha neno. "Dada Zorka," alimwambia mbele ya wote, "hicho kitana ni cha kwangu au cha kwako? Maana naona nywele nyingi na mimi bado hujanigusa." Watu wakacheka. Zorka naye akacheka, kisha akamkatia Ginka upande mmoja mfupi kuliko mwingine, kidogo tu, kiasi cha mtu kujiuliza wiki nzima kama kioo chake kimepinda.

Nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Mama mkwe wake, Sultana, aliishi ghorofa ya chini ya nyumba hiyo hiyo, na kutoka huko alisikia kila hatua iliyopigwa juu, na zaidi ya hapo alisikia hatua zisizopigwa. Alikuwa mwanamke mrefu wa milimani mwenye rovu shingoni, uvimbe laini kama yai la bata, asioujali hata chembe. Wanawake wengi wa rika lake bondeni humo walikuwa nao. Akiwa kwenye benchi la mbele ya nyumba aliwaambia majirani, kwa sauti ya kusikika dirishani: "Mwanangu hakuoa mke. Alioa godoro."

Zorka alibeba mimba ikatoka. Mwaka uliofuata akabeba nyingine, nayo ikatoka mapema vilevile. Siku ilipotoka hiyo ya pili, Sultana alipanda juu na bakuli la supu, akaliweka mezani, akamtazama mkamwana wake aliyelala amegeukia ukuta. "Mtoto gani atakaa kwenye tumbo la mtu asiyeamka?" akasema, akashuka. Metodi alikuwepo. Alikuwa amesimama mlangoni akiizungusha kofia mkononi. Zorka hakusahau supu ile wala kofia ile.

Daktari wa mjini, mzee aliyekuwa akingoja kustaafu, alimshauri apunguze mkate na atembee zaidi. "Ni huzuni ya wanawake," alisema, akiitazama saa yake. "Itapita."

Haikupita. Siku moja Zorka alifunga saluni, akapanda basi kwenda Plovdiv bila kumwambia mtu, akamtafuta daktari wa magonjwa ya homoni. Alimkuta mwanamke mfupi, Dokta Boyukova, mwenye nywele zilizokatwa kama kwa mkasi wa kunyolea kondoo. Zorka alimdharau papo hapo. Lakini daktari huyo alimpapasa shingo kwa vidole viwili, akamwambia ameze mate, akamtazama nyusi zilizopukutika pembeni, akamkamata kiganja kikavu na baridi, na kabla hata damu haijapelekwa maabara alikuwa ameshajua.

Majibu yalipotoka alimwambia, "Tezi yako ya shingo imelala. Ndiyo inayouambia mwili uchape kazi, na yako haisemi kitu. Umekuwa ukiendesha gari na breki imekamata, halafu watu wanakuuliza mbona huendi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wewe ni mgonjwa. Si mvivu."

Zorka, ambaye hakuwa amelia hata kwenye mazishi ya baba yake, alimwomba arudie hilo la mwisho. Daktari akalirudia kwa kuchoka kidogo, kama mtu anayerudia namba ya simu, na Zorka akatoa leso.

Alipewa kidonge kidogo cheupe cha kumeza kila siku ya maisha yake. Masharti yalikuwa machache lakini makali. Kimezwe akiamka tu, tumbo likiwa tupu, kwa maji. Kahawa, maziwa, chakula, vyote vingoje mpaka kidonge kimeingia mwilini. Na jambo moja zaidi, ambalo Dokta Boyukova alilisema akiwa amemshika mkono asiweze kuangalia pembeni: "Ukipata mimba, siku hiyo hiyo unaongeza dawa kama nilivyokuandikia, na unanipigia. Husubiri miadi. Miezi ya mwanzo mtoto hana tezi inayofanya kazi, anakula ya kwako. Ya kwako ikipungua, mnapungukiwa wote wawili."

Miezi ikapita, na Zorka akarudi kuwa mtu. Uvimbe ulitoka usoni, sauti ikarudi, akaanza kuamka kabla ya majogoo ya jirani. Na pamoja na nguvu ilirudi kumbukumbu ya kila neno aliloambiwa alipokuwa hana pumzi ya kulijibu. Hapo ndipo dharau ilipokomaa. Aliwatazama wote na kuwaona wajinga, na ukweli ni kwamba wengi walikuwa wajinga kweli.

Mimba ya tatu aliigundua mwanzoni mwa majira ya kuchipua, theluji ikiwa bado imegoma kwenye vivuli. Aliongeza dawa siku hiyo hiyo kama alivyoelekezwa, akampigia daktari.

"Umeongeza?" aliuliza Boyukova badala ya kumpongeza.

"Nimeongeza."

"Vizuri. Baada ya wiki nne nataka damu yako hapa. Na usimsikilize mtu."

Hilo la mwisho Zorka aliliona ni tusi. Yeye amsikilize nani?

Alikusudia kukaa kimya mpaka miezi mitatu ipite, lakini alikuwa ameolewa na Metodi, na Metodi alikuwa na siri kama kikapu kilivyo na maji. Jumapili walishuka kula kwa Sultana. Mama huyo alikuwa ametengeneza patatnik, viazi vilivyokwaruzwa na kuokwa na jibini na mnanaa, na chakula kilikuwa kizuri. Zorka alimdharau mkwewe kwa mengi, lakini kwa upishi hapana. Metodi alimwongezea mkewe kipande cha tatu, akasema, "Kula, sasa mnakula wawili," kisha akafumba mdomo kama mtu aliyemeza nzi.

Sultana aliweka uma chini. "Tangu lini?"

"Mapema bado, mama," alisema Zorka.

"Na hivyo vidonge vyako, umeacha?"

"Nimeongeza."

"Umeongeza." Sultana alimgeukia mwanawe. "Umesikia? Ameongeza. Mwanamke ana mimba anameza homoni. Atatuzalia kitoto chenye ndevu."

"Kikizaliwa na ndevu tutajua kimefuata ukoo gani," alijibu Zorka, akikitazama kidevu cha mkwewe, ambacho kilikuwa na nywele zake tatu.

"Mama anasema tu kwa uzuri," alisema Metodi kwa sauti ya chini.

"Mimi sijasema kwa uzuri, nimesema kwa akili," alisema Sultana. Akainuka, akatoa kabatini mtungi wa asali uliojaa kokwa changa za kijani za mti wa jozi zilizokatwakatwa. "Hii ndiyo dawa ya shingo. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Sisi tulizaa kwa hii. Hatukwenda Plovdiv kuomba ruhusa."

Zorka aliupokea mtungi, akaufungua, akanusa, akaufunga. "Asante, mama. Nitapaka kwenye viatu."

Walipopanda juu Metodi aliuliza, akiwa amempa mgongo, kama labda haingekuwa vibaya kuacha zile dawa kidogo, miezi hii tu, mpaka mtoto ashike vizuri. Zorka aliutazama mgongo huo mpana. "Metodi," alisema, "basi likija gereji halina mafuta, huwa unamwambia dereva apunguze kidogo mpaka lishike vizuri?" Metodi akaenda kuzima taa. Alipewa vidonge vyake, na hivyo havikuhitaji maji.

Mpaka hapo Zorka alikuwa na haki yote upande wake, na kama mambo yangeishia hapo, hii ingekuwa hadithi ya mwanamke mwerevu kati ya mazuzu. Lakini mtu aliyezoea kuwa na haki huwa mzembe nayo.

Kichefuchefu kilianza. Akiamka na kumeza kidonge kwa maji matupu, tumbo lilimgeuka. Kitu pekee kilichomtuliza kilikuwa kahawa yenye maziwa mengi na biskuti kavu. Wakati huo huo mkunga wa mjini alimpima, akamkuta damu imepungua, akampa vidonge vya madini ya chuma. Sasa alikuwa na dawa mbili, kichefuchefu kimoja, na saluni iliyojaa kwa sababu Pasaka ilikuwa inakaribia na kila mwanamke wa Zelenich alitaka kwenda kanisani na kichwa kipya. Asubuhi moja alisahau kidonge cha tezi nyumbani. Metodi akamletea saluni. Akakimeza pamoja na kile cha chuma, akasukumia kwa kahawa ya maziwa. Tumbo halikumsumbua. Kesho yake akafanya vilevile kwa makusudi. Ikawa desturi.

Alikumbuka masharti, si kwamba hakuyakumbuka. Aliyaona tu kama yale maandishi ya chupa za rangi ya nywele yanayosema upake kwanza nyuma ya sikio usubiri, ambayo hakuna msusi aliyewahi kuyafuata. "Kidonge ni kidonge," alimwambia Ginka, aliyemwona akivibwia vyote kwa mkupuo. "Tumbo si ofisi yenu ya posta, eti litachanganya barua."

"Mie sisemi kitu," alisema Ginka. "Mie si daktari."

"Ndiyo, ungekuwa daktari tungekufa wote," alisema Zorka, akafungua bomba la maji ili asisikie jibu.

Uchovu ulirudi polepole, akausingizia mimba. Baridi ilirudi, akaisingizia milima. Wiki nne zilipotimia alikwenda Plovdiv kutoa damu na kupigwa picha ya tumbo, na kesho yake alipoitwa kwa Dokta Boyukova aliingia kama mwanafunzi anayejua amefaulu.

Daktari hakumwambia akae. Alikuwa anaisoma karatasi, kisha akaisoma tena.

"Umeongeza dawa?"

"Nimeongeza."

"Unameza kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

"Basi mbona damu yako ni ya mtu asiyemeza kitu? Hali ni mbaya kuliko kabla ya mimba." Aliinua macho. "Unameza vipi?"

"Kama ulivyosema."

"Kama nilivyosema vipi?"

Zorka alikuwa anajua kudanganya, kazi yake nusu ni kudanganya, lakini macho yale hayakuwa ya mteja. "Asubuhi. Kazini. Na kahawa kidogo."

"Na nini tena?"

"Maziwa. Na kile cha chuma alichonipa mkunga."

Dokta Boyukova aliweka karatasi chini, akaegemea kiti. Zorka aliona usoni mwake kitu alichokifahamu vizuri sana, kwa sababu alikuwa anakivaa mwenyewe kila siku. Hakuwahi kukiona kikimjia kutoka upande wa pili akiwa mkosaji.

"Chuma kinaikamata dawa tumboni na kutoka nayo," alisema daktari. "Maziwa hivyo hivyo, na kahawa inamalizia. Umekuwa ukimeza dawa ili uipeleke chooni, bibie. Wiki kadhaa. Na hizi ndizo wiki ambazo mtoto anategemea dawa hiyo kutengeneza ubongo. Ulikuja hapa ukilia kwamba watu wanakuona mjinga. Mimi nilikuwa nabisha."

Zorka alihisi masikio yakiwaka. Alitafuta neno, yeye ambaye hakuwahi kukosa neno, na lililotoka lilikuwa dogo. "Ameharibika?"

"Sijui. Labda hapana. Bado ni mapema, na moyo wake unadunda, nimeona kwenye picha ya jana. Tunarekebisha leo." Aliandika haraka, karibu kutoboa karatasi. "Dozi nyingine. Ukiamka, maji, basi. Kahawa baadaye, siyo dakika mbili baadaye, baadaye hasa. Chuma na chakula cha jioni, mbali kabisa na hiki. Ukitapika asubuhi, nipigie, tutakihamishia wakati wa kulala tumbo likiwa tupu. Kuna njia. Ila ujanja wako si mojawapo."

Mlangoni Zorka aligeuka kutaka kusema asante. Daktari alikuwa ameshamwita mwingine.

Jioni ile alimweleza Metodi yote, na kwa mara ya kwanza hakumwongezea chumvi mtu yeyote katika maelezo isipokuwa yeye mwenyewe. Metodi alisikiliza, akamshika mkono. Kisha, kwa kuwa alikuwa Metodi, asubuhi alipokuwa akishuka kwenda kazini alimwambia mama yake kwamba majibu ni mabaya.

Zorka alikuwa sebuleni wakati Sultana alipopanda. Alipita moja kwa moja mpaka jikoni, Zorka akimfuata, akachukua kichupa cha vidonge kando ya glasi, akakitia kwenye mfuko wa aproni.

"Nilisema," alisema. "Nilisema mezani, mbele ya mwanangu. Umejaza mwili sumu na sasa mtoto anaumwa. Basi. Imekwisha leo."

"Mama, rudisha hicho."

"Sirudishi."

"Hayakuwa makosa ya dawa. Yalikuwa yangu mimi. Sikuimeza inavyotakiwa."

"Ya kwako au ya dawa, mimi nazuia moja kati ya hayo mawili." Sultana alijisimamisha mlangoni. Alikuwa akitetemeka, na Zorka alidhani ni hasira. "Nyie mna nini siku hizi? Kila kitu kidonge. Itazame hii." Alijigusa shingo, kwenye uvimbe. "Hii ninayo tangu nikiwa msichana. Nilichuma tumbaku nayo, nilibeba kuni nayo, nilichoka mpaka nikaanguka kwenye theluji, na mama mkwe wangu akaniita punda mgonjwa, nikainuka. Hakuna aliyenipa dawa. Na nikamzaa Metodi."

"Na wale wanne wa kabla yake?" alisema Zorka.

Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayeuliza bei. Alikuwa analijua, mji mzima ulijua, makaburi yale madogo yalikuwa juu ya mlima nyuma ya kanisa, na hakuna aliyewahi kumtajia Sultana usoni. Lilipotoka lilibaki hewani na halikuweza kurudishwa.

Sultana aliingiza mkono mfukoni, akatoa kichupa, akakiweka mezani polepole, akakigeuza ili maandishi yatazame mbele, kama mtu anayepanga sahani kwa ajili ya wageni. Akashuka. Zorka alisikia mlango wa chini ukifungwa bila kishindo, na hicho ndicho kilichomtisha.

Metodi aliporudi, na baada ya kusikia, hakupiga kelele. Alisema, "Hilo usingelisema," na Zorka alisema, "Najua," na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo. Lakini tangu kesho yake mwanamume huyo mwenye siri za kikapu alifanya jambo ambalo mkewe hakulitarajia. Alianza kuamka naye. Alimpa glasi ya maji, akamwangalia akimeza, kisha akachukua birika la kahawa akashuka nalo gereji, akalirudisha wakati unaofaa.

"Unaniona mtoto?" aliuliza Zorka siku ya kwanza, akiwa amepauka kwa kichefuchefu.

"Nakuona Zorka," alijibu Metodi. "Ndiyo maana naondoka na birika."

Alimdharau kidogo kwa hilo, kwa mazoea, lakini alimngoja.

Chini kulikuwa kimya. Sultana hakupanda, hakukaa kwenye benchi. Chakula kilikuja kwenye ngazi, kimefunikwa kwa kitambaa, bila salamu: maharage, banitsa ya jibini yenye matabaka membamba kama karatasi, mara nyingine kuku. Zorka alikila na kurudisha vyombo vimeoshwa, navyo bila salamu. Wanawake hawa wawili wangeweza kuishi hivyo mwaka mzima, wote walikuwa na kipaji hicho.

Damu ilipopimwa tena, kipimo cha tezi kilikuwa kimekaribia palipotakiwa; kilichofuata kilikuwa sawa kabisa. Dokta Boyukova alisema "Vizuri," neno moja, na Zorka alishangaa jinsi alivyolibeba neno hilo ndani ya basi mpaka nyumbani kama yai.

Ni siku hiyo alipopita mlango wa chini akasimama. Alikuwa amefikiri kwa wiki nyingi juu ya mwanamke aliyeanguka kwenye theluji na kuitwa punda. Hakumhurumia, huruma haikuwa kawaida yake. Ilimkera tu, kama nywele zilizokatwa vibaya zinavyomkera fundi: kazi mbovu imefanywa juu ya kichwa cha mtu na hakuna aliyeirekebisha. Akagonga.

"Mama. Mwezi ujao Metodi ananipeleka Plovdiv kwa gari. Kuna nafasi nyuma."

Sultana alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. "Mimi nikafanye nini Plovdiv?"

"Ukapimwe shingo."

"Shingo yangu imenibeba miaka yote hii."

"Haijakubeba. Wewe ndiye umeibeba."

Kisu kilisimama kidogo, kikaendelea. "Nitakuja," alisema Sultana mwishowe, "nimwone huyo daktari wako wa sumu. Nimwambie usoni."

Alikwenda na koti lake la kanisani. Alidharau barabara, alidharau Plovdiv, alidharau viti vya kliniki, na alipomwona Dokta Boyukova alimnong'oneza Zorka, "Nani alimkata huyu nywele?" Zorka alijizuia kucheka. Lakini ndani, alipoambiwa ameze mate na vidole vile viwili vikamgusa uvimbe, mwanamke yule mrefu alifumba macho kama mtoto. Hakumwambia daktari kitu usoni.

Majibu yalikuwa yale ambayo Zorka aliyatarajia: tezi ya Sultana nayo ilikuwa imelala. Waliporudi, Sultana alikaa kiti cha nyuma na mfuko wa dawa mapajani, akiukunja na kuukunjua mpaka walipofika kwenye makorongo.

"Amesema ninayo tangu lini?"

"Hawezi kujua," alisema Zorka bila kugeuka. "Zamani."

"Kabla ya Metodi?"

Zorka aliwaza kudanganya. "Labda, mama. Huenda."

Kilomita zikapita. "Simamisha," Sultana alimwambia mwanawe. Metodi akaegesha pembeni. Mama yake akashuka, akasimama kando ya barabara akiutazama mto chini, kitambaa cha kichwani kikipeperushwa na upepo, na mabega yake hayakutikisika hata kidogo. Zorka alishusha kioo, kisha akakipandisha tena. Sultana aliporudi kwenye gari alifunga mlango kwa nguvu. "Unaendesha kama umebeba mbuzi," alimwambia Metodi. "Twende."

Hakuomba msamaha kwa lolote, na Zorka naye hakuomba kwa lile alilolisema jikoni, ingawa kuna usiku lilimjia. Ila benchi la mbele ya nyumba lilipata mtu tena, na neno godoro halikusikika.

Mtoto alizaliwa mwishoni mwa Novemba, msichana, mzito, mwenye sauti ya kudai. Walimchoma kisigino wakachukua damu kama wanavyowafanyia watoto wote, na tezi yake ilikuwa inafanya kazi. Zorka alimwuliza muuguzi mara tatu kama ana hakika, mpaka muuguzi, msichana mdogo, akabetua midomo na kusema, "Mama, nimesema iko sawa, au unataka nikuimbie?" Zorka alimpenda papo hapo. Dokta Boyukova alimrudisha kwenye dozi ya zamani kwa simu, akamwambia aje kupima tena kabla mtoto hajafikisha miezi miwili, akakata.

Walimwita Elitsa, maana yake msonobari mdogo. Sultana, aliyetarajia mtoto apewe jina lake, alisema ni jina la mti wa kuni. Alipanda juu siku ya kwanza, akamchukua mjukuu mikononi bila kuomba, akaketi naye karibu na jiko, akamfungua blanketi kidogo shingoni. Alimtazama hapo kwa muda mrefu, akapitisha kidole kimoja juu ya ngozi ile laini, kutoka upande huu mpaka ule.

"Maziwa yanamtosha?" aliuliza.

"Yanamtosha."

"Haonekani kushiba," alisema Sultana, akamfunika vizuri, na hakumrudisha mpaka jioni.